Madebe ya Mike na Samaki wa Mdomo Mshazari

Kama uko juu Sumbawanga au Namanyere, najua umeshajifunika, maana baridi ya Ufipa haina adabu. Kama uko chini huku Kabwe, bila shaka unangoja giza likolee mitumbwi itoke na taa zake kutafuta dagaa na migebuka. Sogeza redio. Leo nina kisa cha sokwe aliyepanda cheo kwa kupiga madebe, na kisa cha samaki mwenye mdomo uliopinda, wote wawili wa Ziwa Tanganyika hilihili, na nitavitumia kubishana nawe juu ya jambo ambalo kila mzazi anadhani analijua: akili na tabia zinahusianaje, na ipi humbeba mwenzake.

Sokwe huyo aliitwa Mike. Aliishi Gombe, kaskazini ya Kigoma. Jane Goodall, Mwingereza aliyeanza kazi pale Julai 1960, alimfahamu Mike akiwa miongoni mwa madume wa chini kabisa. Karibu kila dume alimtisha, na ndizi za kambini zilimfikia wengine wakishashiba. Mkubwa wa kundi alikuwa Goliath. Kisha, mwaka 1964, Mike akagundua matumizi ya madebe matupu ya mafuta ya taa yaliyokuwa yametupwa kambini. Aliyashika, akawa anakimbia kuwaelekea wakubwa huku anayapiga na kuyasukuma mbele yake. Bati lile lilipiga kelele ambayo msitu wa Gombe haujawahi kuisikia. Madume wakatimka. Wakirudi, walirudi kwa heshima, wameinama, wanamsalimia. Baadaye akaweza kukimbia na madebe matatu kwa pamoja bila kuliacha hata moja. Haikuchukua miezi mingi Goliath naye akakubali, na Mike akashika ukubwa wa kundi kwa miaka kadhaa, ingawa mwili wake haukuwa wa kutisha.

Utaniambia hiyo ni akili. Ni kweli, lakini subiri kwanza. Madebe yale yalikuwa mbele ya madume wote. Wengine nao waliyagusa mara mojamoja, wakayaacha. Goodall anasimulia kwamba Mike aliweza kukaa kimya akiwatazama wenzake, akainuka taratibu kwenda kwenye hema, akachukua madebe yake, akarudi kukaa, akaendelea kuwatazama, na baada ya hapo tu ndipo manyoya yalipoanza kumsimama. Huo ni utulivu. Halafu kuna ujasiri wa kulikimbilia kundi la madume wanaokuzidi, na kuna uchu wa cheo usiozimika hata baada ya miaka ya kudharauliwa. Mpe sokwe mwingine ubongo uleule wa Mike lakini umnyime uchu ule, atabaki pembeni na wazo lake zuri, akisubiri ndizi.

Sasa, wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani kwa muda mrefu walivipima vitu hivi kila kimoja na njia yake. Akili ilipimwa kwa maswali, tangu Alfred Binet wa Paris alipotengeneza kipimo chake mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada shuleni. Tabia ikapimwa kwa madodoso: wewe ni mchangamfu, una wasiwasi, una bidii, ni mpole, unapenda mambo mapya? Mwaka 1997 Wamarekani wawili, Phillip Ackerman na Eric Heggestad, wakakusanya tafiti 135 zilizowapima watu walewale kwa njia zote mbili. Katika kipimo ambacho sifuri ni kutokuwa na uhusiano na moja ni uhusiano kamili, kupenda mambo mapya kuliambatana na akili kwa takriban 0.33. Wasiwasi uliangukia chini ya sifuri, kidogo tu. Uchangamfu haukuwa na la maana. Na bidii, hii bidii tunayowaimbia watoto kila asubuhi, haikuonyesha karibu uhusiano wowote na akili. Yuko mwerevu asiyemaliza hata tuta moja la shamba, na yuko wa akili ya kawaida ambaye jua likichomoza limkute ameshamaliza matatu.

Hapo ndipo saikolojia ya mageuzi inapoingia na swali lake. Ikiwa uteuzi asilia umetuchonga kwa maelfu ya vizazi, ukimwacha azae yule aliyefaa na kumpunguza asiyefaa, mbona hatujawa wote na akili nyingi, bidii nyingi na hofu ya kiasi? Mbona kila kijiji kina mwoga wake, mkorofi wake, mcheshi wake na yule asiyesema mpaka aulizwe?

Kabla ya kulijibu, tuulize kwanza akili ilikua kwa ajili ya nini. Jibu moja lilianzia jirani, Rwanda. Nicholas Humphrey, Mwingereza, alikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mtafiti Dian Fossey kwenye milima ya Virunga kuwatazama gorila. Aliwakuta wamekaa katikati ya chakula chao. Majani pande zote, kazi ni kunyoosha mkono. Akajiuliza ubongo mkubwa vile ni wa nini kwa mnyama ambaye mlo wake haukimbii. Katika makala yake ya mwaka 1976 akatoa hoja kwamba fumbo gumu kuliko yote kwa mnyama wa aina hiyo ni wenzake: nani ni nani, nani amekasirika, nani atakuunga mkono kesho. Akili, kwa hoja hiyo, ilikua kwa ajili ya kuishi na tabia za wengine.

Ushahidi wa hilo hauko mbali na Kabwe. Panda boti kuelekea kaskazini, pita Karema, pita Ikola, endelea mpaka uione milima ya Mahale. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwafuatilia sokwe wa huko mwaka 1965. Katikati ya miaka ya 1970 aliona madume wawili, Kasonta na Sobongo, wakigombea ukubwa wa kundi. Wa tatu alikuwa Kamemanfu, umri umekwenda, nguvu za kumshinda yeyote kati yao hana. Lakini kila aliyepata mkono wa Kamemanfu alimzidi mwenzake, na Kamemanfu hakuutoa mkono wake moja kwa moja. Leo yuko huku, baada ya muda yuko kule. Wakubwa wote wawili wakawa wanamhitaji, na mzee akajipatia majike ambao kwa nguvu zake mwenyewe asingewafikia. Siasa za namna hiyo tunazifahamu, sitaji jina la mtu.

Nakuomba uliangalie jambo hilo kwa utulivu. Akili ya Kamemanfu ya kusoma hali ya ugomvi ilikuwa na faida kwa sababu ilikaa ndani ya mnyama asiye na haya ya kugeuka. Mweke mahali pake dume mwaminifu, mwenye akili hiyohiyo, naye angemshikilia rafiki mmoja mpaka mwisho na kukosa vyote. Ntologi, dume mwingine wa Mahale aliyetawala kwa miaka mingi, alipata faida kwa njia nyingine: nyama iliyowindwa aliigawa kwa mahesabu, akiwapa wale ambao hawakuwa tishio kwake na kuwanyima waliokinyemelea cheo chake.

Tofauti hizi za tabia kati ya sokwe zimepimwa pia. Gombe kuna wasaidizi wa utafiti Watanzania ambao wamewafuata sokwe msituni mwaka baada ya mwaka. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, watu wa namna hiyo waliwatathmini sokwe 128 kwa sifa 24, na tathmini zao zikaoana kiasi cha kuaminika. Na kama unadhani cheo kinataka tabia ya aina moja, soma habari za Frodo na Wilkie, wote waliowahi kuwa wakubwa Gombe. Frodo alikuwa na kilo zaidi ya 50, mbabe, wenzake ndio waliomchambua manyoya. Wilkie alikuwa na kilo 37 hivi. Yeye aliwachambua wengine kwa saa nyingi, akajenga urafiki mmoja baada ya mwingine. Wote wawili walifika kileleni.

Hapa ndipo ninapomleta samaki wangu, na kwa kweli yeye ndiye aliyenifanya nichague mada hii. Katika Ziwa Tanganyika kuna samaki mdogo anayeishi kwa kung'oa magamba ya samaki wengine wangali hai. Wataalamu humwita Perissodus microlepis. Mdomo wake haukunyooka: wengine umepindia kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia humnyemelea windo kwa nyuma na kuling'oa gamba ubavu wa kushoto, na aliyepinda kushoto hufanya kinyume chake. Michio Hori, Mjapani, aliwachunguza samaki hawa kwa miaka kadhaa kaskazini ya ziwa, upande wa Kongo, na matokeo yake yakatoka mwaka 1993. Wakizidi wa mdomo wa kulia, samaki wanaoliwa magamba huwa macho zaidi upande wa kushoto. Hapo wale wachache wa mdomo wa kushoto wanashiba vizuri na kuzaa zaidi. Baada ya muda wao ndio wengi, tahadhari inahamia upande wao, na neema inarudi kwa wa kulia. Idadi inayumba huku na huku lakini haiendi mbali na nusu kwa nusu. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba mazoea ya kila samaki nayo yanachangia upinde wake, kwa hiyo si mambo ya kuzaliwa peke yake. Lakini kiini cha hoja kimesimama: hakuna mdomo ulio bora. Ubora wa mdomo wako unategemea wenzako wamebeba mdomo gani.

Chukua mantiki hiyo uipeleke kwa watu. Daniel Nettle, Mwingereza, aliandika mwaka 2006 kwamba kila tabia ina faida na ina gharama, na kwamba uwiano wake hubadilika mahali na mahali, mwaka na mwaka. Katika utafiti wake wa watu wazima wa Uingereza, wachangamfu na wapenda pilikapilika walikuwa na wapenzi wengi zaidi, na pia walilazwa hospitali zaidi kwa ajali na maradhi. Mtu wa Kabwe hahitaji dodoso kulielewa hilo. Upepo wa kusi ukivuma Juni na Julai, yuko anayesukuma chombo majini na yuko anayeketi akasema usiku huu si wa kwenda. Usiku mmoja yule wa kwanza anarudi na samaki na bei anapanga mwenyewe, kwa kuwa wenzake hawakwenda. Usiku mwingine watu wanakwenda kumtafuta. Faida yake inatokana na uchache wake. Wangekwenda wote, bei ingeanguka na misiba ingeongezeka.

Kutokana na mawazo ya namna hii, watafiti watatu, Lars Penke, Jaap Denissen na Geoffrey Miller, walipendekeza mwaka 2007 kwamba akili na tabia zimehifadhiwa na mageuzi kwa njia mbili tofauti. Tabia, walisema, ni kama ule mdomo: aina nyingi zinabaki kwa sababu hakuna iliyo bora daima. Akili haiko hivyo. Karibu popote ni afadhali kuwa nayo kuliko kuikosa. Tofauti zinabaki kwa kuwa ubongo hujengwa na maelfu ya vinasaba, kila kizazi huzaliwa na hitilafu ndogondogo mpya, na uteuzi hauwahi kuzifuta zote.

Ni hoja ya kupendeza, na mimi siinunui yote. Kwanza, mwaka 2012 watafiti waliochunguza vinasaba vya watu takriban 8,000 wa Australia na Finland walikuta dalili kwamba hata tofauti za tabia zina mkono wa hitilafu hizohizo, kwa hiyo mpaka kati ya vitu hivyo viwili si mnyoofu kama ulivyochorwa. Pili, akili nayo hailetwi bure. Ubongo wa mtu mzima aliyepumzika hutumia karibu moja ya tano ya nguvu ya mwili wake, na mwaka wa njaa hiyo si gharama ndogo. Tatu, na hili ndilo linalonikera, wanaosema akili ni bora popote mara nyingi wamekwisha kuamua akili ni ipi.

Mfano uko Kenya, Usenge, kando ya Ziwa Viktoria. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto 85 juu ya maarifa ya dawa za miti shamba zinazotibu minyoo na maradhi mengine ya kijijini. Huo ni ujuzi wa kweli, watoto wa huko huutumia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba waliofanya vizuri katika dawa walielekea kufanya vibaya katika msamiati wa Kiingereza wa shule. Katika mtihani mmoja mtoto yuleyule ni hodari, katika mwingine ni wa mwisho, na sehemu ya tofauti hiyo ni familia yake imeamua kuweka juhudi wapi. Uganda nako, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mallory Wober aliwauliza Waganda mtu mwenye akili ni wa namna gani. Wanakijiji walimwona kuwa mtu mtaratibu, mwangalifu, asiyekurupuka. Waliosoma sana shule za kizungu walielekea kutaja wepesi. Na Kokwet, Kenya, kwa Wakipsigis, Charles Super na Sara Harkness waliwakuta wazazi wakimsifu kwa akili mtoto ambaye ukimtuma anafanya inavyotakiwa bila kusimamiwa. Kipimo cha namna hiyo kinapima utii, bidii na ufahamu kwa pigo moja, na wale wazazi hawakuona sababu ya kuvitenganisha.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo ingekuwa woga kuiruka. John Philippe Rushton, aliyefundisha Kanada katika chuo cha Western Ontario, alidai kwa miaka mingi kwamba mageuzi yaliwapa watu wa mabara mbalimbali mafungu tofauti ya akili pamoja na tabia, na sisi Waafrika akatuweka chini. Wanabiolojia walimwonyesha kwamba nadharia aliyoitumia ya wanyama aliitumia vibaya na kwamba takwimu zake hazikubeba alichodai. Mwaka 2020 idara yake mwenyewe ya saikolojia ilitoa tamko kwamba kazi hiyo ilikuwa na kasoro kubwa za kisayansi. Alikuwa ameshafariki mwaka 2012.

Lakini sihitaji tamko la Kanada kumjibu, maana jibu liko Ufipa. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipita huku mwaka 1880 na kuwaeleza Wafipa kuwa wakulima watu wa amani kupita wengi aliowaona. Miaka themanini baadaye Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza, akaja kukaa uwandani kwa utafiti na kukuta sifa ileile: watu wanaopenda maneno kuliko mikuki, wanaobishana kwa mpangilio, wanaofukia majani kwenye matuta yao ya mviringo kwa subira. Ungeweza kusema, basi, ni silika yao, iko kwenye damu. Tatizo ni kwamba simulizi za Wafipa wenyewe, alizozikusanya Willis, zimejaa vita vya karne ya kumi na tisa kati ya Nkansi na Lyangalile, watu wa ukoo mmoja wa kifalme wakiuana. Kutoka vita hivyo hadi amani aliyoikuta Thomson si muda mrefu. Vinasaba haviwezi kugeuka kwa vizazi viwili. Kilichogeuka ni utawala, biashara na kilimo, na tabia ya watu ikafuata.

Willis alielezwa pia namna Wafipa walivyoufikiri mwili. Kichwa ni mahali pa busara na kujitawala, kiuno ni mahali pa nguvu, uzazi na tamaa. Hata nchi waliigawa hivyo. Milansi, usultani wa kale chini ya mlima Itwelele, ulikuwa kichwa, na Watwa, wazao wa wanawake wageni ambao simulizi zinasema waliuchukua utawala mfalme wa Milansi akiwa mawindoni, walikuwa kiuno. Kichwa hakikudai kukiondoa kiuno. Huo ndio mpango ambao, kwa maoni yangu, Penke na wenzake wangefaidika kuusoma. Nami sisemi Ufipa ni pepo. Willis huyohuyo aliandika mwaka 1968 juu ya Kamchape, wale wasaka wachawi waliozunguka vijiji vya huku, na jina ambalo Sumbawanga inalo mikoa mingine unalijua. Mahali ambapo hasira haziruhusiwi kutoka kwa ngumi, huenda zikatafuta mlango mwingine.

Nimalizie ziwani, maana uteuzi haujakoma, na safari hii wateuzi ni sisi. Mwaka 2008 Peter Biro na John Post walichapisha jaribio la maziwa mawili madogo ya Kanada. Waliweka samaki wa aina mbili za uzao: wanaokua haraka na wenye ujasiri, na wanaokua taratibu na wenye hofu. Wakatega nyavu. Wale wajasiri walinaswa mara tatu zaidi. Nyavu, yaani, zinaweza kuondoa tabia fulani kwenye maji na kuiacha nyingine izae. Ziwa letu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapumzike, na mazungumzo yote yaliyofuata yalikuwa juu ya wingi wao na ukubwa wao. Tabia zao hazikuulizwa.

Kwa hiyo swali la leo ni la wavuvi wa siku nyingi wa Kabwe, Kirando na Kipili. Samaki wanaoijia taa siku hizi wanaijia kama walivyoijia ulipoanza kazi, wakipanda moja kwa moja, au wanakaa mbali na kuzunguka? Na je, kila aina ni vilevile? Kesho kipindi hiki kitakuwa chenu, simu zitafunguliwa mapema, na nitaanza na mwenye umri mkubwa.